Siku ya Maji, Uso Wako Unaganda

Arot mwanangu,

Habari za afya yangu sikuandikii. Umeiona leo asubuhi ikikugombeza juu ya soksi. Umeenda sokoni kusukwa nywele, na yule msusi wako mdomo wake una mbio kuliko vidole, kwa hiyo nina muda. Nimefunga kibanda cha cherehani mapema. Nimekaa mezani, feni inazungusha joto lile lile, na nimeshika kalamu ninayoandikia vipimo vya wateja. Barua hii nitaiingiza katikati ya sweta zako. Utaikuta huko Ireland siku baridi itakapokulazimisha kuzikunjua.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia usali. Hayo nimeyasema mpaka kuta za nyumba hii zinaweza kuyakariri. Pasipoti iko kwenye kimkoba, ndege ya Nairobi ni kesho asubuhi, na wewe si mtoto. Mimi nataka kukuandikia juu ya Wi-Fi.

Cheka kwanza. Ukimaliza, endelea kusoma.

Siku ile kazi ilipokubali, majirani walijaa uani, vigelegele vikafika barabarani. Mimi nilikuwa nawaambia, "Mnaona? Huyu ni wangu. Nesi wa ng'ambo ametoka kwenye tumbo hili hili." Ukanivuta jikoni, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi siendi."

Nikadhani joto limekupanda kichwani. "Huendi wapi?"

"Ireland. Utabaki na nani hapa? Hata Wi-Fi inakushinda. Nikiwa huko nitakuona na nini?"

Nilicheka ili wageni wasikie kicheko, lakini neno hilo lilishuka moyoni likakaa. Baba yako tulimzika Kakuma ukiwa darasa la pili, na tangu tuhamie Lodwar nyumba hii ina sauti mbili tu, yangu na yako, na yangu ndiyo kubwa. Hata ulipopata kazi ya zahanati kule Kakuma, nilijua Ijumaa sauti ya pili itarudi. Sasa nikajiuliza: mimi niliyeishia darasa la sita, na bado suti niliyoshona inavaliwa ofisini mbele ya wageni wa Nairobi, mimi niliyekuzaa njiani, juu ya lori la magunia ya mahindi, ndiyo ukaitwa Arot, wa njiani, mimi ndiye nitakayemzuia mtoto kuvuka bahari kwa sababu ya kisanduku chenye taa za kijani? Hapana.

Lakini ulikuwa na haki. Kisanduku kile kilinishinda tangu siku kilipoingia. Ulikuwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, unakumbuka? Fundi wa kampuni alikiweka chumbani kwangu kwa sababu waya ulipitia hapo. Alipotoka tu, nikakitazama nikaona ni kitu cha thamani, na kitu cha thamani hakikai wazi. Nikakifunika kwa kile kitambaa cha maua nilichokifuma mwenyewe, nikakitia ndani ya sanduku la bati, nikapiga kufuli, waya umechomoza pembeni kama mkia. Uliporudi kutoka dukani simu haishiki kitu. Ulipofungua sanduku uliruka nyuma.

"Mama! Kinachoma!"

"Nimekilinda na wezi."

"Umekioka!"

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Mimi nilikasirika, maana kitambaa kilikuwa kizuri.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa mdomo wangu. Wewe unajua kwetu mtu akiomba maji humwulizi ametoka wapi. Basi paswedi nami niliifanya maji. Mteja akija kupimwa, nampa. Mama Ekidor wa duka la mbele, nampa kabla hajaomba. Mwishowe niliiandika kwa chaki mlangoni mwa kibanda, herufi kubwa, ili kila anayepita ajue kwa Mama Arot kuna Wi-Fi. Watu wa boda boda wakaanza kupumzisha pikipiki chini ya mti wetu wa mathenge, kila mmoja ameinamia simu, na mimi nikipita nasalimiwa kama mbunge.

"Ejok, Mama Arot! Netwaki yako ni tamu!"

"Kunyweni!" nawajibu.

Na ndani wewe unajaribu kufuata somo la chuo, mwalimu kwenye skrini amefungua mdomo na hafungi. Uliniambia, "Mama, bomba ni moja na watu wote wanafyonza." Nikakuambia usiwe mchoyo.

Halafu ikaja siku ya mahafali yako Eldoret.

Gauni nilikuwa nimeshona, lile la kitenge cha bluu lenye mabega. Kiti cha basi nilikuwa nimeweka. Mvua ikanyesha milimani, lagga, ule mto mkavu, ikafurika, barabara ikakatika, na magari yakajipanga pande zote mbili kama mbuzi kisimani. Nilirudi nyumbani na gauni langu mwilini. Ukaniambia kwa simu, "Mama, usilie, wanaonyesha moja kwa moja kwenye mtandao." Sikulia. Nilialika watu.

Asubuhi ya siku yenyewe, baada ya ukavu wa siku nyingi, bomba likatoa maji. Unanijua mimi na maji. Nilijaza kila kitu chenye kifuniko. Mitungi ya plastiki nikaipanga kwenye kolido, mmoja juu ya mwingine, hadi kifuani mwangu, kwa sababu nje mbuzi wa watu wanaiangusha na jua linaichemsha. Na tena, nikuambie, mgeni akiingia akaiona imejaa hivyo, anajua ameingia nyumba ya heshima. Nikapika chai. Watu wakajaa sebuleni. Kila aliyekaa akatoa simu yake, na zote zinajua paswedi yangu kama zinavyojua njia ya kwao.

Picha ikaenda, ikakwama, ikaenda. Bendi ilishika noti moja ikakataa kuiachilia. Mama Ekidor akasema, "Hawa wasomi wanasimama sana." Halafu nikasikia jina lako, nusu yake, na duara likaanza kuzunguka. Watu wakainua vichwa kutoka kwenye simu. Linazunguka. Nilisimama nikashika kioo cha TV kwa mikono miwili, kama mtu anayeweza kukuvuta utoke. Picha iliporudi, jukwaani kulikuwa na kijana mrefu mwenye miwani.

"Mama Arot," akasema Mama Ekidor, "mtoto wako amenyoa?"

Walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. "Wangu amepita mbio," nikasema. "Wenye akili hawachelewi jukwaani."

Jioni ukapiga. "Uliniona?"

"Nilikuona kabisa! Uling'aa!"

"Na viatu, ulivipenda?"

"Sana. Vile vyeusi."

Ukasema asante. Ulipoleta picha nikaona vilikuwa vyekundu. Hukuwahi kunisuta kwa hilo, na mimi sikuwahi kulitaja. Tunajuana.

Kwa hiyo uliposema jikoni kwamba Wi-Fi inanishinda, hukunitukana. Ulikuwa unasema: sitaki kuwa jina linalokatwa katikati. Nilielewa. Ndiyo sababu wiki iliyofuata, wewe ukiwa zamu, nilipanda gari hadi Kakuma bila kukuambia.

Nilienda kwa Mama Furaha. Yule Mkongo aliyekuwa na cherehani kando ya yangu wakati tunaishi kule, mwanamke mmoja tu niliyekubali kwamba anashona karibu kama mimi. Siku hizi ana ukumbi wa kuonyesha mpira, watu wanajaa mpaka milangoni, na picha yake haikwami. Nilimkuta anafagia. Kisanduku chake kiko juu ukutani, katikati ya ukumbi, peke yake, hakijafunikwa na kitu.

"Mama Furaha, umeweka dawa gani?"

"Dawa? Hapana, mama. Yako inasumbuaka siku gani?"

Nikafikiri. "Siku maji yakija."

Alisimamisha ufagio. Nikamweleza nilichokuwa nakiamini, kwamba pampu za maji zikiwashwa zinavuta nguvu ya Wi-Fi ya mji mzima. Aliniacha nimalize. Ana adabu.

"Ile mashini iko wapi?"

"Chumbani."

"Na weye unaangaliaka wapi?"

"Sebuleni."

"Katikati kuko nini?"

"Kolido."

"Mu kolido muko nini?"

"Mitungi."

"Iko mutupu ama iko na maji?"

Arot, nilikaa kwenye benchi lake. Nilianza kucheka kabla hajacheka yeye. "Maji njo inakulaka ile netwaki!" alipiga kelele, anajipiga mapaja. "Weye umejenga ukuta ya maji!" Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba au harusi. Heshima yangu yote ya mitungi, na kumbe ndiyo iliyokula jina lako.

Alinifundisha mchana wote. Nikuandikie kidogo, siyo kwa sababu hujui, bali ujue kwamba mimi najua. Kwanza, picha ikikwama, usikimbilie kulaumu. Chukua simu ukasimame karibu kabisa na kisanduku. Ikikwama hata hapo, zima, subiri kidogo, washa; ikiendelea vile vile, huenda kosa linatoka nje, mpigie wa kampuni. Lakini kama hapo ni safi na sebuleni ni mbovu, kosa liko ndani ya nyumba yako.

Hilo lilinikaa sana njiani nikirudi. Baba yako alikuwa na siku zake za kunyamaza. Mimi nililaumu ndugu zake wa Kaikor, nikasema wanamjaza maneno. Nililaumu kazi, nililaumu jua. Nilikuwa nampigia kelele kutoka chumba kingine, Arot, huku nakanyaga cherehani, halafu nalalamika kwamba hajibu. Mwezi ule wa mwisho alipokuwa kitandani ndipo nilikaa karibu naye, kwa sababu ilibidi, na yule mtu akaongea! Alinieleza mambo ya utoto wake ambayo ndugu zake wenyewe hawakuyajua. Nilipata mwezi mmoja. Utakuwa na mtu wako siku moja, huko au hapa. Sitakuchagulia. Ila akinyamaza, acha kwanza cherehani.

Basi nilirudi nikafanya kazi. Mitungi nikaitoa nyuma ya nyumba, penye kivuli, nikaizungushia matawi ya miiba kama boma la mbuzi, ila hili ni la kuwazuia mbuzi. Kisanduku nikamwita fundi akavuta waya hadi ukuta wa sebule, juu, penye hewa. Nimejua pia kwamba kina mawimbi ya namna mbili: moja lina mbio lakini ukuta linauogopa, jingine ni la polepole lakini linafika mbali. TV nimeiweka kwenye lile la mbio, maana sasa inatazamana na kisanduku. Na siku mtandao ukiwa dhaifu, napunguza ubora wa picha. Sura itakuwa na ukungu kidogo lakini itatembea.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Kubadilisha paswedi.

Kubonyeza si kazi. Kazi ni kufuta chaki mlangoni watu wakiona. Nilifuta kwa kitambaa kibichi, mgongo wangu umeelekea barabara, na nikasikia pikipiki zikinyamaza. Mama Ekidor alivuka na kanga yake.

"Mama Arot, umefuta? Kwa hiyo sisi sasa ni wezi?"

"Nyinyi ni wageni. Nimewatengenezea mlango wenu." Maana Mama Furaha alikuwa amenionyesha kwamba kisanduku kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, la wenyeji na la wageni, na la wageni unalipimia, unalifungua, unalifunga.

"Na huo mlango unafungwa saa ngapi, kama benki?"

"Nikiongea na mtoto wangu."

"Na mimi nikitaka kumsalimia huyo mtoto?"

"Wewe utakaa kwenye kiti hiki hapa na utamsalimia kwa TV yangu."

Alinitazama sana. Akasema, "Basi nitakuja na sukari." Wa boda boda walinuna siku mbili tatu, kisha wakarudi chini ya mathenge. Mchana wananywa. Jioni nafunga.

Nakuandikia hili kwa sababu kesho wewe ndiwe bomba. Watu wa hapa, wa Kakuma, wa Kaikor upande wa baba yako, na wengine watakaogundua wewe ni dada yao siku ndege itakapopaa. Wote watakupigia. Usiwafungie nje, hatukulelewa hivyo. Lakini usiandike paswedi yako kwa chaki mlangoni. Mimi nilimwagia kila mtu, nikasifiwa, na siku yangu mwenyewe ilipofika nikakosa tone. Uwe na mlango wa wageni na uwe na saa ya kuufunga, na saa hiyo usiombe radhi.

Wanasema huko mvua hainyamazi, na watu wanailalamikia. Ukisikia mtu anailaani mvua, usimkaripie. Hajui. Wewe simama dirishani uitazame kidogo kwa niaba yangu.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Juma lililopita ulikuwa Kakuma kukabidhi kazi, na mimi nilikupigia kwa mara ya kwanza tangu nihamishe kila kitu. Nilikaa sebuleni, simu nimeiegemeza chini ya TV na kuiunganisha nayo, nimevaa lile gauni la bluu. Uso wako ukatokea kwenye TV mzima, mkubwa kama dirisha, na haukuganda.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimehamisha maji."

"Umehamisha nini?"

Nikakuhubiria mawimbi, kuta, milango miwili, nikasema naweza kufungua ofisi. Ulicheka. Na mimi, nikiongea, nilikuwa nakutazama. Niliona kovu la nyusi ulilopata kwenye pembe ya cherehani. Niliona umekonda mashavuni. Niliona unatazama nyuma yangu, kile chumba, kile kiti chako kitupu, kwa sababu kama mimi nakuona vizuri basi na wewe unaona vizuri. Midomo yako ikaanza kutetemeka. Halafu picha yako ikawa nyeusi.

"Netwaki ya Kakuma, Mama," ulisema.

Sauti yako haikukatika hata kidogo. Nilisikia kila pumzi, nikasikia na bomba likifunguliwa. Nikasema, "Ee, hizo netwaki." Nikasubiri. Uliporudi ulikuwa umenawa uso, na ukaniambia, "Mama, nitaenda."

Nilipiga kigelegele kimoja. Kisha tukaagana, nikazima TV, nikajiona kwenye kile kioo cheusi na gauni langu.

Sikukutengenezea kisanduku tu, mwanangu. Niliharibu na kisingizio chetu. Zamani mmoja wetu angeweza kulia na mwingine akadhani ni duara linazunguka. Sasa tutaonana kila kitu. Utaona siku sijachana nywele. Utaona siku nimepika na hakuna aliyekula. Nimekubali uone, ili na mimi nikuone.

Lakini kuna siku picha yangu itazimika katikati ya maneno. Usihangaike. Usiniambie nizime niwashe, usimpigie Mama Furaha. Kisanduku kitakuwa kizima na mitungi itakuwa nyuma ya nyumba. Nitakuwa nimeizima mimi, kwa kidole changu, nikanawe uso. Wewe usikate. Nisubiri kama nilivyokusubiri. Nitaiwasha tena, najua pa kubonyeza.

Mama yako